Tovuti Inayojua Mizani

Mshairi akipunguza mizani, sikio la msomaji hushtuka kabla hajajua kosa liko wapi. Tovuti nyingi hazina sikio hilo. Ukizipa tarbia yenye mshororo wa mizani 15 badala ya 16, zitauchapisha vivyo hivyo.

Ndiyo maana naipenda Pollen, programu huria ya kutengenezea tovuti tuli. Aliiunda Matthew Butterick, msanifu wa herufi na mwanasheria wa Marekani, kwa ajili ya kitabu chake cha mtandaoni, Practical Typography, kilichotoka mwaka 2013. Zana za aina hii zipo tele, Jekyll ya mwaka 2008 ikiwa miongoni mwa zilizovuma. Nyingi hukupa violezo na faili la mipangilio, kisha ukitaka jambo ambalo muundaji hakuliwaza, unabaki kutafuta viongezi. Pollen inakukabidhi lugha nzima ya programu, Racket, ya ukoo wa Lisp. Unaandika maneno yako kama kawaida, na pale unapotaka mashine ifanye kazi unaweka alama ya ◊ na jina la amri. Jina hilo unalibuni mwenyewe.

Hapo ndipo utamu ulipo! Naandika ◊ubeti na ◊mshororo hata kabla sijaamua vitafanya nini. Pollen huvipokea kama lebo za kawaida na kuendelea. Baadaye narudi kuvipa kazi: mshororo ugawanywe kati ya ukwapi na utao, ili kwenye kioo chembamba cha simu utao ushuke mstari wa chini bila kuvunjika ovyo, vina vya kati na vya mwisho vilinganishwe, mizani ihesabiwe.

Kuhesabu mizani kunaonekana rahisi, kwamba utahesabu irabu tu. Lakini m ya "mtoto" ni silabi kamili isiyo na irabu, na m ya "mbuzi" imeshikamana na b. Halafu "mbaya" ina silabi tatu tukimsema mtu, mbili tukiisema nyumba. Mashine haiwezi kukisia. Lazima mwandishi aweke alama. Naifurahia kazi hii kuliko sehemu nyingine yoyote ya ujenzi wa tovuti, kwa sababu kanuni niliyokuwa nikiijua kwa sikio tu, hapa nalazimika kuitamka hadi mwisho wake. Kila ninapoirekebisha nayasoma mashairi kwa makini zaidi.

Mshororo ukipungua, ujenzi husimama na kunionyesha ulipo. Ukitimia, hutoka faili la HTML, basi. Hakuna hifadhidata nyuma yake, wala programu ya kuamshwa kila msomaji anapofika. Jasho lote limeshatoka kwenye kompyuta yangu. Msomaji wa Pemba au Lubumbashi anayebana bando lake hupokea maandishi mepesi ya kilobaiti chache. Chanzo hicho hicho kikipewa kanuni nyingine hutoa PDF ya kuchapwa.

Racket inataka subira, na mabano yake humchosha mgeni. Lakini kanuni ikishaandikwa, inaweza kupewa mwingine. Anayechapisha tenzi atabadili 16 kuwa 8, ataondoa kina cha kati, kisha ataiagiza programu ikifuatilie kina cha mshororo wa nne kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho.