Sonara wa Tani Kumi na Sita

Behewa la mizigo la Marekani, likishajazwa makaa ya mawe, hufikia tani 130 hivi. Mzigo wote huo huelemea magurudumu manane, tani 16 kila moja, na kila gurudumu huigusa reli mahali padogo mno, sentimita ya mraba moja au zaidi kidogo. Senti moja ya shaba ikibanwa hapo haiyeyuki wala haipasuki. Hutanuka hali ikiwa baridi, kama donge la chapati chini ya mti wa kusukumia, ikatoka upande wa pili ikiwa bapa, ndefu na nyembamba, ina uvuguvugu.

Watoto wa miji ya reli nchini humo walilijua jambo hili vizazi na vizazi, bila mtu kuwafanyia hesabu.

Anayedhani kazi yenyewe ni kuweka sarafu na kukaa pembeni hajawahi kuijaribu. Reli huanza kutetemeka kabla treni haijafika, na senti iliyowekwa hovyo huteleza ikadondoka kwenye kokoto ikiwa nzima. Kwa hiyo wajuzi walipaka mate, au wakaibandika kwa chingamu au kipande cha selotepu. Kisha kuna kuitafuta. Gurudumu la kwanza likishaifinya, mara nyingi huirusha, na treni ikishapita ndipo msako unapoanza kati ya mataruma, watoto wameinama, kila mmoja anadai iliyoonekana ni yake. Ugomvi wa namna hiyo hauna hakimu, kwa maana alama zote zimefutika.

Au karibu zote. Tangu 1909 senti ya Marekani hubeba uso wa Abraham Lincoln, kazi ya Victor David Brenner, mchongaji mhamiaji aliyezaliwa Lithuania. Chini ya gurudumu uso huo hurefuka, ndevu zikaenda zake, paji likabaki kivuli tu. Kuna kejeli ndani yake: Lincoln huyohuyo, kabla ya urais, alikuwa wakili aliyeitetea kampuni ya reli ya Illinois Central mahakamani, na mwaka 1862 ndiye aliyetia saini sheria ya kujenga reli ya kufika pwani ya Pasifiki.

Sarafu haiwezi kuiangusha treni. Mtoto ndiye anayekufa. Treni ya mizigo inayokwenda kilomita 90 kwa saa huhitaji zaidi ya kilomita moja na nusu ili isimame, na dereva akishamwona mtu relini hana la kufanya ila kupiga honi. Kampeni ya Operation Lifesaver, iliyoanzia jimbo la Idaho mwaka 1972, imekuwa ikiwahimiza watu wakae mbali na njia ya treni, na haikosei hata chembe.

Heri basi kwamba ufundi huu una tawi la pili lisilo na hatari. Katika maonyesho makubwa ya Chicago ya mwaka 1893, wageni waliingiza senti zao kati ya magurudumu mawili ya chuma, ya aina ambayo masonara hutumia kufinyia dhahabu na fedha, wakaondoka na kipande chenye umbo la yai kilichoandikwa jina la maonyesho. Treni hufuta tu. Hapa kuna anayeandika. Mchongaji hukata picha kwenye chuma kigumu kilichoviringana, kina chake ni kidogo sana, na kila herufi huiandika kinyume ili kwenye shaba isomeke sawa. Mkono ukiteleza, kosa lile litachapwa kwenye kila sarafu itakayopita. Leo mashine za kuzungushwa kwa mkono zipo kwenye majumba ya makumbusho na bustani za wanyama kote Marekani, na tangu 1966 wakusanyaji wana chama chao. Sheria ya huko haiwagusi, kwa kuwa inamwadhibu anayeharibu sarafu kwa nia ya udanganyifu.

Wasichopatana nacho ni metali. Hadi 1982 senti ilikuwa na asilimia 95 ya shaba. Baada ya hapo ikawa zinki iliyovikwa ngozi nyembamba ya shaba, na ikifinywa ngozi hiyo huchanika, michirizi ya kijivu ikakata picha katikati. Ndiyo maana mkusanyaji makini huja na senti zake kuukuu mfukoni, zilizosuguliwa zikang'aa. Tangu Novemba 2025, kiwanda cha Philadelphia kilipogonga senti za mwisho za matumizi ya kawaida, hata zile za zinki hazitolewi tena kwa ajili ya mzunguko. Za mwaka 1982 wenyewe ndizo zinazosumbua, kwani mwaka huo zilitoka za aina zote mbili na kwa macho hazitofautiki. Hizo hupimwa kwenye mizani: ya gramu 3.1 inakwenda mashineni, ya gramu 2.5 inarudi dukani kununulia peremende.