Ndiva na Kurasa: Mipaka ya Sitiari katika Istilahi za Kumbukumbu ya Kompyuta
Mradi wa KiLinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulifikisha Kiswahili kwenye menyu. Jumbe za kiini cha Linux zimebaki kwa Kiingereza. Eneo la diski linalopokea kurasa kumbukumbu kuu inapojaa huitwa na baadhi "ubadilishanaji", neno linalonukia soko kuliko hifadhi. Kwa mwanafunzi wa Mwanga sitiari ya karibu ni ndiva, bwawa la Wapare linalokusanya maji ya mfereji usiku ili yamwagilie mashamba mchana. Inaeleza vema uhaba: safu za si na so katika vmstat zikibaki juu mfululizo, mahitaji yamezidi kumbukumbu, na kupanua ndiva hakuongezi mvua.

Sitiari hiyo hukwama kwenye hitilafu ya kusoma. Mkulima hajali amepata maji yapi, ilhali programu hudai ukurasa uleule. Usiposomeka, programu husitishwa hata nafasi ikiwa tele. Hapo kinachopaswa kusomwa ni dmesg, na kinachopaswa kupimwa ni diski yenyewe, si ukubwa wa eneo.