Mafundi wa Kamenge

Injini iliyofumuliwa na kuundwa upya ikiwaka huku inatetemeka, wengi tungenyoosha mikono. Fundi wa Kamenge, kaskazini mwa Bujumbura, ndipo anapoanza kazi. Teksi ya Toyota ya miaka ya 1980 yenye kabureta haina kompyuta ya kumwambia kosa liko wapi. Ana sikio, bisibisi na subira.

Anachomoa waya wa plagi mmoja mmoja injini ikiwa inaunguruma. Mlio ukibadilika, silinda hiyo ni nzima. Usipobadilika, ameipata iliyolala. Plagi yake ikitoka nyeusi na kavu, anaishuku kabureta. Ikitoka na oili, anashuka chini zaidi. Anapima mgandamizo, anamimina oili kidogo kwenye tundu la plagi na kupima tena. Ukipanda, ringi zinavujisha. Usipopanda, huenda vali hazikai sawasawa. Pengine kosa ni dogo tu: nyaya mbili zimepishana, na mpangilio wa moto wa 1-3-4-2 umevurugika. Au gasketi ya manifoldi inavuta hewa, tundu ambalo jicho halilioni.

Haya yote hufanyika juani, juu ya chuma cha moto, na petroli yenyewe Burundi imekuwa ya kutafutwa kwa foleni miaka hii. Kila jaribio linakula mafuta.

Teksi ikirudi barabarani, abiria hajui kilichotokea. Mwenye gari anajua, na bado hubishania bei kwa kuwa hakuna kipuri kipya kilichofungwa. Mlipeni fundi kwa saa alizotafuta.