Kumtafutia Mtahiniwa Msimamizi

Mratibu wa shahada za juu husoma pendekezo la utafiti kuanzia nyuma. Faili likimfikia mezani, anafungua kurasa za marejeleo kwanza, anazipitia jina baada ya jina kwa ncha ya penseli, ndipo anarudi kwenye kichwa. Kichwa, anasema, humwonyesha anachokitamani mtahiniwa. Marejeleo humwonyesha alichokwisha kusoma. Penye nafasi kati ya hayo mawili ndipo msimamizi atakapofanyia kazi, na mratibu anataka kujua nafasi yenyewe ni kubwa kiasi gani kabla hajamfikiria mtu yeyote.

Hii ni idara ya Kiswahili katika chuo kikuu kimoja nchini Kenya. Mtahiniwa ni mwalimu wa sekondari kutoka Lamu, na tasnifu yake ya uzamifu itahusu tendi za mawaidha zilizotungwa na wanawake, kuanzia utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858. Mada ni nzuri. Mratibu haisifu wala haikosoi. Anachukua karatasi tupu, anaigawa kwa mstari wa wima, na upande wa kushoto anaorodhesha ujuzi ambao kazi hii itaudai: ushairi na arudhi, nadharia za kijinsia, lahaja ya Kiamu, usomaji wa hati za Kiarabu. Upande wa kulia ni wa majina, na kwa siku kadhaa unabaki mtupu. Kwingineko nimeona mambo yakienda kinyume: huulizwa kwanza nani ana nafasi, kisha mada ya mwanafunzi hukatwakatwa hadi imwenee.

Ujuzi wa nne ndio unaomchukulia muda. Miswada ya kale ya tendi iliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na herufi hizo hazikuundwa kwa sauti za Kiswahili. Katika miswada mingi ba hubeba b na p, na mara nyingine mb. Kasra husimama mahali pa i na pa e. Dhamma mahali pa u na pa o. Msomaji asiyeijua lahaja anaweza kuunukuu ubeti mzima kimakosa huku kila herufi ikimuunga mkono. Mtaalamu wa ushairi aliyezoea matoleo yaliyochapwa kwa herufi za Kirumi ataisimamia vizuri sura ya uchambuzi, lakini ikija sura ya matini atabaki kumwamini mwanafunzi wake tu. Kwa hiyo wanahitajika wasimamizi wawili. Kanuni nayo inadai wawili, ingawa nadhani mratibu huyu angewatafuta hata kama isingedai.

Ukutani pana orodha ya wahadhiri na wanafunzi wanaowasimamia. Viwango vya mwaka 2014 vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu vilimtaka mhadhiri asizidishe wanafunzi 3 wa uzamifu na 5 wa uzamili. Profesa wa ushairi ana wawili wa uzamifu, na mmoja wao anakaribia kutetea. Kuna mhadhiri mwingine ambaye hana hata mmoja na angefurahi kuitwa, ila yeye ni mtu wa isimujamii. "Anatosha kwa nafasi, hatoshi kwa kazi," mratibu anasema, na kalamu inapita jina hilo bila kulikata. Mada yake itakuja.

Profesa hapigiwi simu kuombwa. Anapelekewa pendekezo lenyewe na kuachwa alisome. Jibu la kukubali likirudi siku hiyohiyo humtia mratibu wasiwasi, maana hakuna aliyelisoma pendekezo akakosa la kuuliza. La profesa lilikawia, na lilikuja na maswali mawili: je, mtahiniwa anakusudia tendi zilizotungwa na wanawake, au zinazodaiwa kuwa zimetungwa na wao? Na miswada ataisoma mwenyewe au atasomewa? Hapo ndipo jina la kwanza likaandikwa upande wa kulia, tena kwa penseli.

Msimamizi wa pili alipatikana chuo kingine, mwanahistoria wa pwani ambaye hati za herufi za Kiarabu amezisoma miaka mingi. Kabla ya kumwandikia, mratibu alichunguza jambo lisilo na kisanduku katika fomu yoyote: wawili hawa wanasikilizana? Wamewahi kukaa meza moja katika kongamano wakabishana na bado wakaondoka pamoja? Fahali wawili wakipigana, ziumiazo zinajulikana, na tasnifu zilizokwama miaka kwa sababu wasimamizi hawasalimiani si hadithi ya kutunga.

Kisha barua ya uteuzi. Ya kawaida ina aya mbili: umeteuliwa, tunakutakia kila la heri. Ya mratibu huyu ina kurasa mbili, na nilimtazama akiitengeneza rasimu yake kitenzi kwa kitenzi. Palipoandikwa kwamba msimamizi "atahakikisha tasnifu inakamilika", akafuta. Tasnifu ni ya mtahiniwa. Mtu hawezi kuahidi kukamilisha kazi isiyo yake, na akiahidi ataanza kuiandika. Mahali pake akaweka: "atasoma kila sura na kuirudisha pamoja na maoni ya maandishi". Muda wa kurudisha ukatajwa kwa wiki. Ikatajwa pia nani ni wa kwanza kujibu mwanafunzi anapokwama, nani ana kauli ya mwisho katika sura ya matini, nani atashika nafasi profesa akienda likizo ya utafiti, na kwamba jina la msimamizi halitaingia katika makala ya mwanafunzi kwa sababu ya usimamizi pekee. Sentensi hiyo ya mwisho aliiandika taratibu kuliko zote. Barua ikapita kwenye bodi ya kitivo, ikaenda shule ya shahada za juu, ikarudi na muhuri.

Kikao cha kwanza kilikuwa ofisini kwa profesa, mwanahistoria akiwa kwenye simu iliyoegemezwa juu ya vitabu. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba, mwanangu, keti." Profesa akamwomba mwanafunzi aweke karatasi pembeni aseme kwa mdomo anataka kujua nini. Mwanafunzi alieleza kwa kirefu, akarudi nyuma, akajikata mwenyewe. Profesa hakummalizia sentensi hata moja. Alipotulia, akamwomba aseme tena, kwa ufupi. Kisha tena. Ilipofika mara ya tatu swali likatoka zima: wanakili wa baadaye walibadili nini katika sauti ya mtunzi wa kike? Profesa akaliandika juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari la vikao, neno kwa neno kama lilivyosemwa, kisha tarehe.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya kibali cha utafiti kutoka NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi na teknolojia), safari za Lamu na Pate, na ripoti za maendeleo.

Sura zilipoanza kuja, profesa alizisoma mara mbili. Mara ya kwanza mikono mitupu, hata penseli imefungiwa kwenye droo, kwa sababu mwenye penseli huanza kusahihisha nukta kabla hajajua hoja inaelekea wapi. Mara ya pili aliandika pembezoni, na karibu kila alichoandika kilikuwa swali. "Nani kasema?" "Huu ni ushahidi au ni dhana?" "Ubeti huu unakataa ulichosema ukurasa uliotangulia, umeuona?" Sentensi mbovu aliipigia mstari akaiacha mbovu vilevile, mwenyewe aje aijenge. Ni kazi ngumu kwa mtu ambaye angeweza kuinyoosha kwa dakika moja. Vyuo vyetu huhesabu wahitimu. Sijaona kinachohesabu maoni ya pembezoni mwa sura.

Mwanahistoria yeye alifungua picha za mswada upande mmoja wa kioo cha kompyuta na unukuzi wa mwanafunzi upande wa pili, akafuata herufi moja moja. Mahali pamoja mwanafunzi alikuwa ameisoma ba kuwa p. Mwanahistoria hakuandika kwamba mwanafunzi amekosea. Aliandika usomaji wa pili chini yake, akamtaka aweke namna zote mbili za kusoma na aeleze katika tanbihi kwa nini amechagua moja. Tanbihi hiyo baadaye ikawa kurasa nne za sura ya tatu.

Siku ya utetezi wasimamizi walikaa kando. Mtahini wa nje aliuliza swali ambalo profesa angelijibu vizuri kuliko mtu yeyote chumbani, na kila mmoja alilijua hilo. Profesa akatazama meza. Mwanafunzi akanywa maji, akajibu.

Jopo lilipitisha tasnifu kwa masharti ya masahihisho. Mwanafunzi akaleta jedwali la safu tatu: maoni ya mtahini, kilichofanyika, ukurasa. Lililobaki ni sahihi ya msimamizi, na wengi hutia papo hapo. Profesa akafungua tasnifu kwenye ukurasa 112, ambako jedwali lilidai pameongezwa aya kuhusu wanakili. Haikuwepo. Akapekua mbele, akaikuta ukurasa 114, akaisoma hadi mwisho, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akazungushia duara ile 112 na kulirudisha jedwali bila sahihi.