Mwanya Kati ya Visanduku

Kabla ya kuwa jina la mtaa, la stesheni na la foleni ya magari ya Mombasa Road, Syokimau lilikuwa jina la mwanamke. Alikuwa mtabiri wa Wakamba, na masimulizi yanasema aliona nyoka mrefu akitoka kwenye maji ya mashariki, akikatiza nchi huku akitema moto na moshi, mpaka akafika kwenye maji ya magharibi. Aliona pia watu wenye ngozi ya rangi ya nyama mbichi, wanaosema kama ndege na kubeba moto mifukoni. Sisi tunafumbua mara moja: reli, Wazungu, kiberiti. Waliomsikiliza yeye mwenyewe hawakuwa na garimoshi la kumlinganisha nalo huyo nyoka, kwa hiyo kila mmoja alibaki kujichorea wake. Mmoja huenda alimpa magamba, mwingine macho mekundu, mwingine mlio. Reli ilipovuka tambarare za Athi na kuingia Nairobi Mei 1899, nyoka hao wote wa moyoni walikutana na mmoja wa chuma, na sidhani kama yuko aliyesema: huyu ndiye hasa niliyemwona.

Mashabiki wa riwaya ya picha wakisikia kwamba kitabu chao kinatengenezewa filamu huishi katika kungoja kwa namna hiyo. Hufurahi na kuogopa kwa pamoja. Hubishana nani ataigiza nafasi ya nani, huchungulia kila picha ya tangazo, huhesabu siku. Asiyesoma vitabu hivi hushangaa, na mshangao wake una hoja ndani yake. Msomaji wa riwaya ya maneno ana sababu ya kuogopa, maana sinema itambandika mhusika sura ambayo msomaji alikuwa ameibuni mwenyewe. Lakini mwenye riwaya ya picha sura amekwisha kupewa. Pua ya shujaa anaijua, mikunjo ya nguo anaijua, hata kivuli cha ukutani kimechorwa. Amebakiwa na nini cha kulinda? Nashikilia kwamba amebakiwa na kitu kikubwa kuliko sura, na kwamba hofu yake ndiyo sifa ya juu kabisa anayoweza kupewa mchoraji.

Kitu hicho kimo katika mwanya, ule ukanda mweupe unaotenga kisanduku na kisanduku. Tuseme mchoraji ameamua kuuchora utabiri wa Syokimau. Katika kisanduku cha kwanza anamweka mwanamke mzee kilimani, kiganja kimekinga macho, uso umeelekea mashariki. Katika cha pili hamna mtu: ni uzi mwembamba wa moshi mahali mbingu inapogusa ardhi. Cha tatu kinamrudia mwanamke, safari hii karibu kabisa, mdomo umefunguka kidogo, na juu yake kuna kiputo cha maneno kisicho na neno hata moja. Ni muda gani umepita kati ya moshi na mdomo ule? Je, alipiga ukelele, au alinong'ona? Mchoraji hakusema, ila msomaji anajua, kwa sababu alipovuka mwanya aliujaza yeye. Na mchoraji ndiye aliyemwandalia njia. Akiupanua ukanda ule, muda unarefuka. Akivibana visanduku vikawa vyembamba, mapigo ya moyo yanakwenda mbio. Penseli hutangulia, wino hufuata, na wino ukishakauka haubembelezeki: unene wa mstari mmoja wa shingoni unatosha kumzeesha mtu miaka kumi. Hata hivyo, kazi nzito kuliko zote ni kuamua kisichochorwa. Hapo ndipo ustadi ulipo, na ndipo msomaji anapofanywa mshirika bila kuombwa.

Afrika Mashariki tumekuwa na mafundi wa kazi hii kwa muda mrefu kuliko tunavyowasifu. Edward Gitau alimchora Juha Kalulu katika magazeti ya Kiswahili kwa miongo mingi, na katika visanduku vichache vya kila safari aliweza kumtumbukiza mtu wake shidani na kumwacha humo, msomaji akamalizia mwenyewe. Frank Odoi, Mghana aliyefanya Nairobi kuwa nyumbani mpaka mauti yalipomkuta mwaka 2012, aliijenga Akokhan, hadithi ya Afrika Magharibi yenye nguvu za ajabu, na kuwafanya wasomaji wa gazeti la Kenya waifuatilie kama mambo ya jirani. Gado, Mtanzania aliyekuja kuchora Nairobi, alitoa kitabu cha picha, Abunuwasi, mwaka 1996 kupitia wachapishaji Sasa Sema. Huyo wa Gado anastahili tumkalie kidogo. Abunuwasi alikuwa ameshasikika katika hadithi za Waswahili vizazi na vizazi kabla ya kalamu ya Gado kumgusa, kwa hiyo Gado naye alikuwa anawapokonya watu Abunuwasi wa kichwani. Aliponea wapi? Aliponea kwenye mwanya. Hila ya Abunuwasi haionekani ikitendeka. Unaona kabla, unaona baada, na kicheko kinakuwa chako.

Kisha kuna Shujaaz, jarida la Sheng lililoanza mwaka 2010, na mhusika wake Boyie, kijana aliyemaliza shule asipate kazi, anayeendesha redio ya siri kutoka chumbani kwake kwa wazazi. Waandalizi walimtoa Boyie kwenye karatasi wakampa kipindi cha redio cha kweli. Hapo sura ilikuwepo tayari, kilichoongezwa ni sauti. Na sauti ni mojawapo ya vitu ambavyo msomaji wa picha huvitengeneza mwenyewe. Naona mabadiliko hayo yalifaa kwa sababu redio ilikuwamo ndani ya hadithi tangu mwanzo. Boyie alikuwa ameumbwa asikike. Walifungua mlango ambao mchoro ulikuwa umeshauchora.

Mfano mkubwa zaidi ulifika ziwani. Februari 2018 filamu ya Black Panther ilioneshwa Kisumu katika uzinduzi uliovutia macho ya nchi nzima, maana Lupita Nyong'o aliigiza Nakia na baba yake ndiye aliyekuwa gavana wa kaunti. (Kisumu ndiko nyoka wa Syokimau alikokutana na maji ya magharibi, mwaka 1901.) T'Challa, yule Black Panther mwenyewe, mfalme wa nchi ya kubuni ya Wakanda, alikuwa amezaliwa kwenye karatasi mwaka 1966, kwa mikono ya Stan Lee na Jack Kirby, Wamarekani wawili, na Wakanda yao ilikuwa na mianya mikubwa kweli: nchi ya Afrika isiyojulikana inaongea lugha gani wala inavaa nguo za nani. Mwongozaji wa filamu, Ryan Coogler, na wenzake waliijaza. Walichukua Kixhosa, ambacho mwigizaji John Kani wa Afrika Kusini alikuwa amekiingiza katika filamu iliyotangulia ya mwaka 2016, Ruth E. Carter akatafuta mavazi kwa Wamaasai, Wahimba na Wazulu, na kazi hiyo ikampa tuzo ya Oscar. Shabiki aliyengoja miaka alipewa kitu ambacho kitabu hakikuwa nacho, na hakuhisi ameibiwa.

Wako watakaosema basi dawa ni uaminifu: ichukuliwe picha ya kitabuni kama ilivyo, iwekwe kwenye skrini, mashabiki watulie. Jambo hilo lilijaribiwa. Watchmen, iliyoandikwa na Alan Moore na kuchorwa na Dave Gibbons kati ya 1986 na 1987, imepangwa kwa sehemu kubwa katika visanduku tisa kwa kila ukurasa, vitatu kwa vitatu, kama saa inayogonga. Filamu ya mwaka 2009 ilifuata michoro mingi ya Gibbons kwa karibu sana, na bado wasomaji wamegawanyika mpaka leo. Moore hata jina lake hakutaka liwekwe. Picha zilihama, mapigo yale ya saa hayakuhama, kwa sababu katika filamu mtazamaji hashiki muda mkononi. Kitabuni unaweza kukaa kwenye kisanduku kimoja mpaka chai ipoe. Upande mwingine yupo Marjane Satrapi, aliyeshirikiana na Vincent Paronnaud kuigeuza riwaya yake ya picha, Persepolis, kuwa filamu mwaka 2007. Walibakia na weusi na weupe kwa sehemu kubwa, wakachora kwa mkono, wakaacha giza tupu likizunguka watu. Giza lile ndilo mwanya uliohamia kwenye sinema. Cannes iliipa tuzo ya majaji, ila ushahidi ninaoutegemea ni lile giza lenyewe.

Pingamizi zito kuliko yote ni la riziki. Mchoraji wetu hulipwa kidogo, na filamu huleta fedha na wasomaji wapya. Kwa nini shabiki amsumbue kwa manung'uniko? Nakubali nusu yake. Fedha zije, na jina la mchoraji liandikwe mwanzoni kwa herufi za kusomeka. Lakini manung'uniko ya shabiki hayamnyimi mchoraji chakula. Yanamkumbusha mwenye kamera kwamba alichonunua kimetengenezwa na mtu aliyepima kila ukanda mweupe, na asiyepima hivyo atalipa gharama kubwa apate maganda.

Na hofu kwamba filamu itaua kitabu, hiyo ninaijibu kwa kurudi stesheni. Syokimau ilipata stesheni ya treni za abiria za mjini mwaka 2012, na tangu 2017 Madaraka Express huondokea hapohapo jirani kwenda Mombasa, chuma kitupu, kwa ratiba iliyobandikwa ukutani. Kila anayetaka kumwona nyoka anaweza kukata tiketi. Ila mtoto akiuliza jina la mtaa lilitoka wapi, anayemjibu haanzi na garimoshi. Anaanza na nyoka, na mtoto anauliza alikuwa na macho ya rangi gani.