Ufundi wa Kudokeza: Tiba ya Usemi Baada ya Kiharusi

Kiharusi, yaani hali inayotokea mshipa wa damu wa ubongo unapoziba au kupasuka, huweza kumwacha mtu akiwa mzima wa macho na masikio, akiwatambua wanawe na kujua anachotaka, ila maneno hayatoki, au yanatoka mengine asiyoyakusudia. Upungufu huu wa lugha huitwa afasia. Tangu mwaka 1861, Paul Broca alipouchunguza ubongo wa mgonjwa wa hospitali ya Bicêtre nchini Ufaransa, ambaye kwa miaka mingi karibu kila swali alilijibu kwa silabi moja tu, "tan", imezidi kuthibitika kwamba kwa watu wengi lugha hutegemea zaidi upande wa kushoto wa ubongo, na kwamba mtu anaweza kupungukiwa na maneno bila kupungukiwa na fikra. Juu ya msingi huo umesimama ufundi wa wataalamu wa tiba ya usemi, ufundi unaostahili sifa kubwa kuliko inayopewa, kwa kuwa kiini chake ni kumsaidia mtu alifikie neno lake bila kumnyang'anya.

Mtaalamu anapomwonyesha mgonjwa picha ya kikombe, jambo la kwanza analofanya ni kunyamaza, kwa sababu neno lililochelewa si lazima liwe limepotea. Lisipokuja, huuliza kifaa hicho ni cha kazi gani. Kisha humwanzishia sentensi, "Chai imemiminwa kwenye…". Kisha humpa silabi ya mwanzo. Na yote hayo yakishindikana ndipo hulitamka neno zima ili mgonjwa alifuatishe. Ustadi wa ngazi hii ya madokezo umo katika kuteua dokezo dogo kuliko yote linalotosha, na kila lugha ina masharti yake: kwa Kiswahili silabi "ki" hufungua pia kiti, kisu na kitabu, hivyo isipotanguliwa na sentensi inayoelekeza maana, dokezo hilo halimfikishi mgonjwa popote.

Kuna pia wagonjwa ambao hawawezi kuisema sentensi lakini wanaweza kuimba. Kutokana na hilo, mwaka 1973 Martin Albert, Robert Sparks na Nancy Helm wa Boston, Marekani, walieleza tiba ya mahadhi, ambamo maneno mafupi ya kila siku hutamkwa kwa sauti mbili, ya juu na ya chini, huku mkono wa kushoto ukigonga kila silabi. Katika "nataka maji", kwa mfano, silabi "ta" na "ma" zenye mkazo ndizo zitakazopandishwa. Kisha wimbo hupunguzwa kidogo kidogo mpaka yabaki mazungumzo ya kawaida.

Kiharusi kinapoharibu shina la ubongo, hali huwa nyingine, kwani lugha hubaki kamili ilhali misuli ya kuitamka haitii amri. Jean-Dominique Bauby, mhariri wa jarida la Elle nchini Ufaransa aliyepatwa na kiharusi Desemba 1995, alibakiwa na ukope wa jicho la kushoto, nao ndio alioutumia kuandikisha kitabu kizima kilichotoka mwaka 1997. Alisomewa herufi zilizopangwa kwa wingi wa matumizi yake katika Kifaransa, kuanzia E, S, A, R, naye alipepesa ukope ilipofikiwa aliyoitaka. Bauby mwenyewe ameeleza kwamba aliwahi kuomba miwani, ambayo kwa Kifaransa ni "lunettes", lakini msikilizaji wake akakomea kwenye herufi nne za mwanzo, "lune", yaani mwezi, na kumuuliza mwezi anautakia nini.

Mitambo ya leo hufuata kanuni iyo hiyo ya kubashiri. Mwaka 2021 kundi la Edward Chang katika Chuo Kikuu cha California, San Francisco, lilieleza jinsi elektrodi, yaani vihisio vya umeme vilivyolazwa juu ya ubongo wa mtu aliyenyamazishwa na kiharusi, zilivyotambua maneno kutoka orodha ya maneno 50, zikisaidiwa na programu inayokadiria neno lipi huelekea kufuata jingine. Mwaka 2023 kundi hilo lilimwezesha mwanamke mmoja kufikia takriban maneno 78 kwa dakika, kwa sauti iliyoundwa kutokana na rekodi ya harusi yake.

Maendeleo haya ni ya kushangiliwa, lakini hayamwondoi msikilizaji. Utafiti wa Big CACTUS, uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba watu wenye afasia waliofanya mazoezi nyumbani kwa kompyuta walipata nafuu katika kuyakumbuka maneno waliyoyazoeza, ila mazungumzo yao na watu hayakuboreka kwa kiasi hicho. Kompyuta hurudia zoezi mara elfu bila kuchoka, na hilo ni jema. Kuzungumza, hata hivyo, kunahitaji mtu wa pili anayetaka kujua mwenzake anasema nini. Kwa hiyo elimu ya mtaalamu haina budi kuwafikia mke, mume na watoto, wafundishwe kungoja, kuuliza swali moja kwa wakati, na kuhakikisha kabla ya kudhani kwamba wameelewa. Familia inayojua kufanya hivyo humrudishia mgonjwa haki yake ya kusema alilolikusudia, hata likichukua muda mrefu kiasi gani.