Uzio wa Kurukwa

Uzio wa kwanza nilioujenga ulirukwa na mbuzi jioni ileile. Nilikuwa mtoto, kwetu Getanuwas, wilayani Hanang, na baba alikuwa amenipa kazi ya kuziba pembe moja ya boma kwa matawi ya mgunga. Niliyapanga vizuri, miiba nje, ila juu pakabaki mahali pamoja palipobonyea. Baba hakunigombeza. Aliniingiza zizini, akaniambia nichuchumae hadi macho yangu yawe usawa wa macho ya mbuzi, kisha nitazame. Pale palipobonyea palionekana mbingu. Mbuzi huruka anakoiona mbingu.

Somo lile lilikuja kunilisha baada ya miaka mingi, nilipopata kibarua kwenye shamba la farasi upande wa Arusha. Nilianza kwa kufagia mabanda. Siku moja mwenye shamba akataka viunzi, ili farasi wake wafanyie mazoezi ya mbio za nyika papo hapo nyumbani, na fundi seremala aliyekuwepo alikuwa hodari wa vitanda tu. Nikajitokeza. Farasi nilikuwa sijamjua hata mwaka mmoja, maana kwetu hayupo: mbung'o na ule ugonjwa wa farasi unaoenezwa na usubi vilimfungia njia sehemu kubwa ya bara letu. Punda huvumilia, na ndiye anayebeba madumu ya maji hadi leo.

Mama wa viunzi vyote ni gogo. Mlingoti unafaa, kwa kuwa umenyooka na unapatikana. Unachukua kipande cha mita 3.5 hivi, unene wa sentimita 40, unaambua gome lote, maana gome huoza, huteleza na huficha misumari. Kisha unalilaza juu ya vipande viwili vya mti vilivyochongwa bonde la kulipokea, mpaka mgongo wake ufike sentimita 60, kimo kinachomtosha farasi mwanafunzi. Kila ncha inapigiwa vigingi mbele na nyuma, inakazwa kwa waya, na mikia ya waya inagongomewa upande asikopita mnyama. Hapo sikuwa na masihara na kijana yeyote niliyefanya naye kazi. Farasi akiligonga gogo lililotulia, ataumia goti. Likibiringika, litamwingia miguuni, naye atamwangukia aliyempanda. Vigingi hukatwa chini ya mgongo wa gogo, kingo zikapigwa tupa. Mwisho nafumba macho na kupitisha kiganja kote. Kinachokwaruza kiganja kitachana muundi.

Wageni hudhani kiunzi chembamba ndicho chepesi. La hasha. Ufito mmoja ulioning'inia, hewa tupu chini yake, ndio unaomponza farasi. Macho yake yako ubavuni mwa kichwa. Anaona karibu pande zote, lakini haoni pale mbele ya paji la uso wake hasa. Kiunzi kikishafika chini ya pua, hakioni tena, anaruka kwa kumbukumbu. Na umbali ameupima mapema kwa kutazama chini, pale kiunzi kinapokutana na ardhi. Ndiyo maana mbele ya gogo nalaza kigogo kingine chembamba, nusu hatua hivi, kimwonyeshe chini ni wapi. Rangi nayo ina maneno yake. Nyekundu na kijani farasi hazitofautishi kama sisi. Uingereza, baada ya utafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, viunzi vya mbio za farasi vilivyokuwa na rangi ya chungwa vilianza kupakwa nyeupe. Niliposikia habari hiyo nilimkumbuka baba, ambaye Exeter hajui iko wapi, akinichuchumaza zizini.

Viunzi viwili vikifuatana, futi kamba haihitajiki. Hatua zangu nne ndefu ni hatua moja ya farasi anayekwenda mbio za wastani, karibu mita 3.6. Mpe hatua zako mbili za kutua, nne za kukimbia, mbili za kuruka tena: jumla nane. Ukikosea moja, atafika akiwa amebanwa au amechelewa. Kwa viunzi vifupi na mwendo wa pole mimi huibia kidogo, nane zikawa saba na kitu. Hicho "kitu" sijawahi kuweza kumfundisha mtu.

Tanzania tunaujua undugu wa viunzi vya farasi na vya binadamu kwa miguu yetu wenyewe. Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, jirani zetu kupita Mbulu, alitwaa medali ya fedha Moscow mwaka 1980 katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Mbio hizo ni mjukuu wa mbio za farasi. Husimuliwa kwamba mwaka 1752, huko Ireland, wapanda farasi wawili walishindana kutoka kanisa la Buttevant hadi la Doneraile, wakiruka kuta na mitaro, macho kwenye mnara. Kiunzi cha wanaume kina sentimita 91.4, nacho hakianguki ukikigonga. Huwa nakitazama kwenye televisheni, nikitamani kujua nani alikipiga msasa.

Niliporudi nyumbani nilijenga kimoja nyuma ya boma, kwa hamu tu ya mikono. Gogo zuri, vigingi vinne, kigogo cha mbele. Mzee mmoja jirani alikuja, akalizunguka, akaligonga kwa fimbo.

"Mwanangu, linazuia nini hili?"

"Halizuii kitu, mzee. Ni la kurukwa."

Akalitazama tena, akachuchumaa bila mtu kumwambia, akalitazama kutoka chini. "Linaonekana vizuri," akasema, akaenda zake.

Bado lipo. Watoto hulivuka wakienda shule, mbuzi hupanda juu yake kuota jua, na punda, kila siku, hulizunguka.